Kijani cha Jangwani

Pakiti ya penseli kumi na mbili za rangi, hizi zinazopangwa juu ya meza za Mtaa wa Congo, Kariakoo, Dar es Salaam, kila Januari shule zikikaribia kufunguliwa, huwa na penseli mbili za kijani: moja inang'aa, nyingine imekolea. Mnyonyo ulioota wenyewe ukingoni mwa Mto Msimbazi, pale Jangwani, hauna jani hata moja la rangi hizo. Jani changa linachomoza na wekundu wa shaba, laini, limekunjamana bado. Likipevuka linakuwa kijani kizito chenye ubuluu ndani yake, na likikaribia kuanguka unjano unaanzia pembezoni huku mishipa ikibaki mibichi. Shina ni la zambarau, lakini zambarau hiyo imefunikwa na vumbi jeupe la nta. Pitisha kidole, vumbi linafutika na rangi yenyewe inatokea kama mstari. Juu kabisa kuna shada la maua: ya kiume chini, manjano, na ya kike juu yake, yenye vinyweleo vyekundu vilivyochanua kila upande.

Mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika, haupandwi na mtu kule bondeni. Unaota kwenye kifusi, kwenye tope lililoachwa na mafuriko, kando ya matuta ya mchicha na matembele. Watu wanaupita bila kuutazama, na kwa sababu hiyo naona unamfaa kuliko waridi mtu anayejiuliza anunue vifaa gani vya kuchorea mimea. Waridi unaweza kulichora kwa kumbukumbu ya kadi za harusi. Mnyonyo lazima ukae nao. Na ukishakaa nao asubuhi moja, unajua unachokihitaji: karatasi inayovumilia maji tabaka juu ya tabaka, maana kijani kile kizito hakipatikani kwa mkupuo mmoja; bluu, njano na nyekundu isiyopauka; penseli chache za kumalizia mishipa; na namna fulani ya kuonyesha ile nta, ambayo ni weupe unaokaa juu ya rangi.

Wengi wetu tunakwenda kinyumenyume. Tunaanza dukani, tunarudi na boksi, ndipo tunatafuta ua la kufanana na boksi.

Kariakoo ukiulizia penseli nzuri za rangi, unajibiwa kwa swali: "Za mtoto wa darasa la ngapi, dada?" Ukisema ni zako mwenyewe, muuzaji anakutazama kidogo, kisha anapanda ngazi na kushuka na pakiti kubwa zaidi. "Basi chukua hizi za ishirini na nne. Hizi ndo nzuri." Kwa hesabu yake, wingi ndio ubora, na siwezi kumlaumu. Kariakoo ni soko la jumla; wanaokuja kufunga mizigo ni wenye maduka wa mikoani na wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Duka linaweka kinachotoka haraka, na kinachotoka haraka ni mahitaji ya shule. Penseli ya risasi utakayoikuta kila kona ni HB, kwa kuwa ndiyo ya mitihani. Karatasi ni A4 ya gramu 80 na manila. Rangi za maji ni vile vidonge vya duara vyenye brashi moja ngumu ndani ya kifuniko.

Shule yenyewe imetufundisha kuchora mimea kwa namna yake. Aliyesoma biolojia sekondari anakumbuka: mstari mmoja usiokatika, usitie kivuli, majina ya sehemu yaandikwe pembeni kwa mistari iliyopigwa na rula. Ni nidhamu nzuri, inakulazimisha kuhesabu ncha za jani badala ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba tukishahitimu tunaona rangi ni mambo ya chekechea na mstari ndio usomi. Kumbe kwenye elimu ya mimea rangi ndiyo inayopotea kwanza. Mtaalamu akikusanya sampuli anaikandamiza katikati ya magazeti, anaikausha, anaibandika kwenye karatasi ngumu na kuiweka kabatini, kama inavyofanywa kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umbo litadumu vizazi na vizazi. Rangi itakuwa kahawia baada ya muda mfupi. Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza mwaka 1948 na kukamilika 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000 za Tanzania, Kenya na Uganda, imechorwa kwa wino mweusi. Anayetaka kujua shina la mnyonyo lilikuwa na zambarau ya aina gani atategemea maneno machache aliyoandika mkusanyaji, au mtu aliyekaa hapo na brashi.

Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa ajili ya simba Elsa, alikuwa mtu wa aina hiyo. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na kwenye safari ya vilima vya Chyulu mwaka 1938 akaanza kuchora kwa rangi mimea iliyokuwa ikikusanywa. Mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya London ikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo ya maua. Michoro yake mingi iko Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini kipaji hicho juu ya manila na kwa vidonge vya shule kingekuwa kimeshapauka zamani.

Kwa hiyo naanza na karatasi, na kwenye karatasi ndiko ningemshauri mtu amalizie nusu ya fedha zake. Dukani usiitazame, iguse. Lowesha ncha ya kidole, sugua pembeni taratibu. Manila itatoa manyoya mara moja. Ukipaka rangi juu yake brashi ya pili inang'oa kilichowekwa na ya kwanza. A4 ya gramu 80 itajikunja hata kabla hujamaliza jani. Karatasi ya rangi za maji inayofaa mimea ina uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na uso wake umelainishwa kwa kubanwa na roli za moto, kwa sababu vinyweleo vya ua na meno ya jani havichoreki juu ya mabonde na milima. Ile yenye uso wa mikwaruzo, ambayo ni rahisi kidogo kuipata Dar, inapendeza kwa mandhari ya bahari. Kwa mnyonyo inageuza kila mstari kuwa nukta. Karatasi laini nayo ina ukali wake: haifichi kosa, na maji yakizidi yanatuama juu na kuacha pete.

Hewa ya Dar inaongeza la kwake. Wakati wa masika karatasi iliyolala wazi inavuta unyevu, gundi yake ya juu inaharibika, na rangi inaingia kwa mabakamabaka. Baada ya muda vinatokea vidoa vya ukungu, vya rangi ya chai. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iweke kabatini mbali na ukuta. Na feni izime unapopaka. Feni inakausha upande mmoja wa jani kabla hujafika wa pili, na pale pande hizo zinapokutana hutokea mpaka ambao mmea hauna.

Karatasi hizo bora hutengenezwa kwa pamba. Arches ya Ufaransa ni pamba, Fabriano ya Italia kwa daraja lake la juu ni pamba. Nasi pamba tunalima: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, sehemu kubwa inapanda meli ikiwa marobota. Kiwanda chetu cha karatasi kilichoko Mgololo, Mufindi, kinakula misindano na kutoa karatasi ya khaki ya vifungashio. Sitaki kuigeuza hii kuwa hotuba ya uchumi. Nasema tu kwamba khaki ile naipenda kwa mazoezi. Juu ya uso wake wa kahawia penseli nyeupe inaonekana, na ile nta ya shina la mnyonyo, inayosumbua sana kwenye karatasi nyeupe, inapatikana kwa mikwaruzo michache. Haitadumu, maana karatasi ya mbao huchakaa na kubadilika rangi. Mazoezi hayana haja ya kudumu.

Rangi za maji ndizo zinazotisha watu, na bila sababu. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliofungwa kwa utomvu wa mgunga, ule unaoitwa gamu arabiki, ambao kwa wingi unatoka Sudan, ingawa mgunga huo unaota pia kwenye nyika zetu. Baadhi ya watengenezaji wanachanganya na asali ili rangi isikauke kabisa. Kwa unyevu wa pwani inabaki inanata kama haijawahi kukauka, na sisimizi wanapata habari. Chagua zile zinazokauka.

Kinachopaswa kukushughulisha ni maandishi madogo kwenye lebo. Tyubu ya maana imeandikwa herufi na namba za unga uliomo: PB29 ni bluu ya ultramarine, PY154 ni njano inayostahimili mwanga, PV19 ni waridi iliyokolea na ngumu kupauka. PR83 ni alizarin, nyekundu inayotamanisha kupita zote kwa ajili ya vinyweleo vya ua la kike la mnyonyo, nayo jua linaila. Vidonge vya shule havina namba yoyote, na muuzaji hawezi kujua kilichomo. Kuna kipimo kisichohitaji maabara: paka mistari ya rangi zako kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadi nene, bandika kwenye dirisha linalopigwa na jua la Dar, usahau kwa miezi miwili. Ukifunua, rangi zitakuwa zimejisema zenyewe. Utashangaa ni zipi zilizokimbia. Mara nyingi ni waridi na zambarau, zile zile ulizozinunulia boksi.

Kijani sinunui. Nachanganya. Na hapo, kwa mtu wa mitaa hii, suala linaingia kwenye ushabiki wa mpira. Kijani na njano ni rangi za Yanga, wenye makao yao Jangwani. Nyekundu ni ya Simba, Wekundu wa Msimbazi. Bluu ukiitia njano peke yake unapata kijani cha jezi, kisafi, kinachopiga kelele kuliko kila kitu kilichomo kwenye karatasi. Kinageuka jani pale tu unapotia tone la nyekundu. Tone linakizima, linakipa uzito, linakirudisha kwenye tope na jua. Nilimweleza hivyo kijana mmoja wa Jangwani aliyesimama kunitazama nikichora, akacheka: "Dada, basi hicho kijani chako kimeuza mechi."

Ameze, asimeze, ndivyo kilivyo. Kwa mnyonyo naanza na PY154 iliyochanganywa na ultramarine, naongeza waridi ya PV19 kidogo kidogo mpaka kijani kitulie, na mchanganyiko ule ule ukizidishiwa waridi unanipa shaba ya jani changa. Bluu na waridi bila njano ndiyo zambarau ya shina. Rangi tatu zimebeba mmea mzima, na zinapatana kwa kuwa ni ndugu. Ya nne ningeongeza njano ya joto zaidi kwa ajili ya maua ya kiume. Ya tano, labda kahawia. Mtu mwenye tyubu tano na subira yuko mbali zaidi ya mwenye vidonge thelathini na sita.

Vitu vingine havihitaji maneno mengi. Brashi inayokuja ndani ya boksi mpe mtoto. Tafuta moja ya duara, namba nne hadi sita, ambayo ukiichovya na kuikung'uta inarudi kwenye ncha moja. Za nyuzi za kutengenezwa zimekuwa nzuri siku hizi, hakuna haja ya manyoya ya mnyama. Kwa mishipa myembamba, maduka ya vipodozi ya Kariakoo yanauza brashi za kuchorea kucha zenye ncha kama sindano. Hazishiki maji mengi, lakini kwa kazi hiyo ndiyo sifa. Sahani nyeupe ya kauri ni mahali pazuri zaidi pa kuchanganyia rangi kuliko plastiki, ambayo maji yake yanajikusanya matone. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi inaacha madoa rangi ikikauka. Tumia maji mengine. Na lensi ya fundi saa, kama utampata anayeuza, inaonyesha kwamba kile ulichodhani ni mstari mwekundu kwenye ua ni vinyweleo vingi vilivyogawanyika.

Penseli za rangi naziweka mwisho, baada ya maji kukauka kabisa, kwa sababu nta na mafuta yaliyomo ndani yake hukataa maji. Zinakuja kukaza kingo, kutia mishipa, kuongeza giza pale jani linapojikunja. Kwa hiyo huhitaji nyingi: kijani cha mzeituni, kahawia nyekundu, zambarau ya giza, kijivu cha ubuluu kwa vivuli vya ile nta, na nyeupe. Zikipatikana zinazouzwa mojamoja, nunua mojamoja. Polychromos za Faber-Castell, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1908, zina kiini cha mafuta kinachovumilia joto kuliko cha nta. Kabla ya kulipa itazame penseli kwenye kitako: kiini kiko katikati ya mti, au kimeegemea upande? Kikiegemea, kila ukichonga kitavunjika. Achana na kichongeo. Wembe, ule ule tuliochongea shuleni, unatoa ncha ndefu ambayo kichongeo hakiwezi.

Na mti wenyewe una habari yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya waya angani kutoka misitu ya Shume, Usambara Magharibi, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ndiyo iliyoitengeneza. Kilichokuwa kinaning'inia kwenye waya huo ni mitarakwa, mti wenye mbao nyekundu, ya harufu, inayokatika vizuri chini ya kisu, iliyokuwa ikisakwa na watengenezaji wa penseli. Siku hizi penseli za bei nafuu ni za miti laini kutoka Asia, haina harufu, inachanika. Madini ya risasi nayo, yaani grafiti, tunayo Mahenge na Lindi, lakini wanaoyafuata sasa wanawaza betri za magari. Nikichonga penseli ya zamani iliyotoka kwenye mti wa jamii ya mtarakwa, chumba kinanukia kama sanduku la nguo.

Kuna atakayeniambia kwamba haya yote ni anasa, na atanitajia Edward Saidi Tingatinga. Ni kweli, mwishoni mwa miaka ya 1960 Tingatinga alichukua hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu vya duka la vifaa vya ujenzi, akaanzisha uchoraji ambao dunia inautambua kwa jina lake. Lakini mfano huo unaniunga mkono. Rangi ile ya mafuta inang'aa, inafunika, inatoa mstari mkali. Chui na ndege wake walitaka hicho hasa. Alichagua kwa kufuata alichotaka kionekane. Jani linataka kinyume chake. Mwanga wa jani unatoka nyuma, unapita kwenye rangi nyembamba na kurudi kutoka kwenye weupe wa karatasi. Ukilifunika kwa rangi ya baiskeli unapata jani la bati.

Haraka pia ipo. Bonde la Jangwani haliko kama lilivyokuwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalilipita, bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 ikaondoa nyumba, na Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia daraja jipya la juu na bustani ya jiji. Daraja tunalihitaji, aliyewahi kukwama Magomeni mvua ikinyesha hatabisha. Bustani itakuja na mimea iliyochaguliwa na wataalamu, iliyopandwa kwa mistari. Minyonyo, matete na magugu yaliyojiotea hayatakuwa kwenye mchoro wa mkandarasi. Ndiyo maana pembeni ya kila karatasi naandika mahali, tarehe, urefu wa mmea na namba za rangi nilizotumia. Mtu akitaka kujua baadaye, asitegemee macho yangu peke yake.

Binamu yangu anayefanya kazi Maskati akikaribia likizo hunipigia kuuliza aniletee nini. Amezoea kuniona na penseli, kwa hiyo mara zote ameshaliona boksi mahali, la bati, rangi mia na ishirini, limo kwenye punguzo. Safari hii nikamwambia aliache. Aniletee karatasi, ya pamba, gramu 300, uso laini, aiviringishe ndani ya bomba asiikunje.

"Karatasi tu?" akasema. "Dada, karatasi si zimejaa Kariakoo?"